Saa nane ya Kariakoo na saa nane ya seva

Hotuba kwa mafundi vijana wanaoanza kutunza seva, Kijitonyama, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mlioketi hapa mbele, shikamooni. Wadogo zangu, habari za asubuhi. Najua wengine mmetoka Mbagala na Gongo la Mboto, mmepanda daladala mbili kufika hapa siku ya Jumamosi. Nawashukuru sana. Nimeombwa nizungumzie matunzo ya kila siku ya mashine zinazoendeshwa na mfumo wa Unix, na Linux, iliyojengwa kwa mfano wake, nitaihesabu humo humo kwa sababu ndiyo wengi wenu mnayoishika. Nitazungumza kama ninavyozungumza na vijana wangu ofisini.

Nianzie Kariakoo. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na mfanyabiashara mmoja wa jumla. Mfumo wake wa mauzo ulikuwa unakwama kila siku ifikapo saa tano asubuhi. Saa tano ya Kariakoo mnaijua: wateja wa mikoani wameshuka kwenye mabasi tangu alfajiri, wamezunguka, wamelinganisha bei, sasa wanataka kulipa, wafungiwe mizigo, wawahi gari la kurudi. Hapo ndipo mashine inaganda. Karani anabonyeza, risiti haitoki, foleni inafika barazani. Baada ya nusu saa hivi mfumo unaamka wenyewe. Walikuwa wamebadilisha nyaya. Walikuwa wamenunua swichi mpya. Walikuwa wamemlaumu anayewapa intaneti, ingawa mfumo ule haukuhitaji intaneti hata kidogo. Wiki tatu zilipita hivyo.

Nilipoketi mbele ya ile seva niliandika amri mbili tu. Ya kwanza ni date, na ikanionyesha kwamba seva inakwenda kwa saa za UTC, zile za kimataifa, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Ya pili ni crontab -l, inayoorodhesha kazi za cron, programu inayoanzisha kazi kwa saa zilizopangwa, na ikanionyesha mstari wa bakapu, yaani nakala ya akiba, ulioanza hivi: 0 8 * * *.

Mwenye duka alikuwa amemwambia kijana aliyemfungia mfumo, "Bakapu ianze saa nane usiku, watu wamelala." Kijana akaandika nane. Lakini nane ya cron si nane yetu. Kwetu hiyo ni saa mbili asubuhi. Na kwa kuwa seva ilikuwa kwenye UTC, saa mbili asubuhi ya seva ikaangukia saa tano asubuhi ya Kariakoo. Ni makosa mawili madogo, moja limepanda juu ya mgongo wa jingine. Na kijana yule, niwaambie kweli, alikuwa fundi mzuri. Skripti yake ya bakapu ilikuwa safi kuliko nyingi nilizoziona kwa watu wenye vyeo. Ila hakuna aliyewahi kukaa naye akamwonyesha kwamba saa anayotamka bosi ina safari ya kufanya kabla haijaingia kwenye mashine.

Nataka tukae hapa kidogo, maana mafunzo mengi tunayopewa yameandikwa na watu ambao hawana shida hii. Mstari wa cron una nafasi tano: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki. Saa zinahesabiwa kuanzia sifuri, nayo ni saa sita usiku, mpaka 23, ambayo ni saa tano usiku. Kwa hiyo saa nane usiku yetu ni 2. Kama seva iko kwenye UTC, unarudi nyuma saa tatu, unaandika 23, na hapo umeshaingia kwenye tarehe ya jana yake.

Halafu kuna siku za wiki. Sisi tunahesabu kuanzia Jumamosi. Jumatatu ni siku ya tatu, Jumatano ni ya tano, jina lenyewe linasema. Cron inaanza na Jumapili, nayo ni sifuri, kwa hiyo Jumatatu ni 1 na Jumatano ni 3. Mtu akisikia "Jumatano" akaandika 5, kazi yake itafanyika Ijumaa. Nimeona ofisi ambayo seva yao ilikuwa inajizima na kujiwasha kila Ijumaa mchana, na kila mtu alikuwa ameshajijengea maelezo yake ya kwa nini Ijumaa.

Na mtu akikwambia "usiku wa Jumapili", muulize: usiku wa kuamkia Jumapili, au Jumapili yenyewe jua likishazama? Bibi yangu alihesabu siku kuanzia magharibi. Kwake usiku wa Jumapili ulishapita Jumapili asubuhi. Ukitaka bakapu ya saa nane usiku wa kuamkia Jumapili, kwenye seva ya UTC unaandika saa 23 siku ya 6, maana kule bado ni Jumamosi.

Je, seva ikae UTC au iwekwe saa zetu? Mashine inayozungumza na mashine nyingine nje ya nchi naiacha UTC, ili logi zake, yaani kumbukumbu za matukio, zilingane na za wenzake. Seva ya duka, ya zahanati, ya shule, inayotumika hapa hapa tu, naiweka saa zetu. Amri ni timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam. Ukishamaliza, anzisha upya cron yenyewe, kwa sababu ikiwa tayari inaendelea yaweza kubaki na saa za zamani. Sisi hatusogezi saa mbele wala nyuma kwa majira, kwa hiyo ukiweka mara moja umemaliza.

Mashine hizi zenyewe zinahesabu sekunde tu, tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC. Hapa Dar es Salaam ilikuwa saa tisa usiku. Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wameanza kazi ya Unix mwaka 1969 kwenye maabara za Bell Labs kule Marekani, na namba waliyoichagua bado inatembea ndani ya simu zilizo mifukoni mwenu. Mifumo inayoiweka hesabu hiyo kwenye biti 32 itajaa Jumanne tarehe 19 Januari 2038, kwetu ikiwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Wengi wenu mtakuwa bado kazini. Mkikuta kifaa cha zamani kwenye kona ya ofisi, kiandikeni.

Kiandikeni wapi? Kwenye kaunta buku. Ninazo kumi na moja sasa, zimepangwa kabatini. Kila asubuhi saa mbili na nusu, kabla ya kitu kingine chochote, fundi wa zamu anafungua ukurasa mpya, anaandika tarehe, na anaandika namba chache: diski imejaa asilimia ngapi, mashine imekaa siku ngapi bila kuzimwa, bakapu ya usiku iliisha saa ngapi na ina ukubwa gani, nani aliingia jana kwa akaunti ya root, ile yenye mamlaka yote, na kwa sababu gani. Haichukui dakika kumi na tano. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini tusiache programu ya ufuatiliaji ifanye kazi hiyo. Ninazo programu za ufuatiliaji na nazithamini. Lakini seva ikianguka, mara nyingi na hizo zinaanguka nayo, au zinakuwa mahali usipoweza kupafikia. Kaunta buku iko juu ya meza.

Na mkono ukiandika, akili inalinganisha. Diski iliyojaa asilimia 71 haimtishi mtu. Ila ukiandika 71 huku juu yake pameandikwa 69 ya wiki iliyopita na 67 ya wiki ya kabla, unajua hapo hapo kwamba una wiki kama kumi na nne. Unamwandikia bosi barua ya kuomba diski leo, ukiwa umetulia, na bosi ana muda wa kupata fedha. Yule asiyeandika anaijua habari hiyo siku hifadhidata imegoma kuandika na wateja wamesimama.

Diski ikijaa ndipo watu wanapoharibu zaidi. Niliwahi kupigiwa simu jioni na fundi wa ofisi moja. Faili moja la logi lilikuwa limefika gigabaiti 38. Akalifuta kwa rm, akaangalia nafasi kwa df -h, asilimia mia vilevile. Akafuta jingine, bado. Akaanza kufuta vitu ambavyo hakuvijua. Nilipofika alikuwa anatetemeka. Kilichotokea ni hiki: kwenye Unix, kufuta faili ni kuondoa jina lake tu. Kama kuna programu imelifungua, faili lenyewe linabaki kwenye diski mpaka programu ile ilifunge. Amri ya lsof +L1 ingemwonyesha faili lile lisilo na jina na programu inayolishikilia. Angeanzisha upya huduma ile moja, gigabaiti zote 38 zingerudi. Bora zaidi, asingelifuta kabisa. Angelimwaga likiwa mahali pake kwa truncate -s 0. Na bora kuliko yote, logrotate ingekuwa imewekwa tangu siku ya kwanza, ikizungusha logi kila wiki na kutupa za zamani.

Mkiwa hapo hapo, angalieni na df -i. Diski yaweza kuwa na nafasi tele na bado ikakataa faili jipya, kwa sababu idadi ya faili imefika mwisho. Mafaili madogo madogo ya barua pepe na ya vikao vya tovuti ndiyo hufanya hivyo. Na kumbukeni kwamba ext4, mpangilio wa mafaili kwenye diski za Linux nyingi, kama hukubadilisha, inamtengea root asilimia 5 ya nafasi. Ndiyo maana mtumiaji analalamika nafasi imekwisha na wewe ukiingia kama root unaandika bila shida. Msimwambie mtu anakosea kabla hamjaingia kwa akaunti yake.

Sasa bakapu. Hapa mnivumilie, nitachukua muda.

Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani kote, ilipoteza hifadhidata yake kuu. Mhandisi mmoja, usiku, amechoka, alidhani yuko kwenye seva ya pili kumbe yuko kwenye ya kwanza, akafuta. Alipogundua na kusimamisha, karibu gigabaiti 300 zilikuwa zimekwenda. Wakakimbilia bakapu. Walikuwa na njia kadhaa, si moja. Ile ya kila siku ilikuwa inashindwa kimyakimya, kwa sababu toleo la programu ya kunakili halikulingana na toleo la hifadhidata. Na barua pepe za kuwaarifu kwamba imeshindwa zilikuwa zinakataliwa zikiwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa shughuli nyingine kabisa, saa sita kabla. Kazi ya saa sita hizo ilipotea kwenye hifadhidata. Nawaheshimu kwa jambo moja: waliandika kila kitu hadharani, hatua kwa hatua, ili sisi tujifunze.

Ile barua pepe iliyokataliwa njiani ndiyo inayoninyima usingizi. Sisi sote tumezoea kwamba kama hakuna ujumbe, mambo ni salama. Ofisini kwangu nimegeuza: bakapu ikifanikiwa ndiyo inatuma ujumbe, kila usiku, na ukubwa wake umeandikwa. Asubuhi ujumbe usipoonekana, mtu anainuka kwenye kiti. Ukubwa nao tunausoma. Jana gigabaiti nne na leo kilobaiti kumi na mbili, hiyo si bakapu, hilo ni faili tupu lenye tarehe nzuri.

Na mara moja kwa mwezi tunarudisha. Namaanisha kuirudisha kweli, kwenye mashine nyingine, hifadhidata iwake, na mhasibu aitwe aangalie ankara ya juzi aliyoiandika kwa mkono wake. Fundi hawezi kujua kama hesabu ziko sawa. Mhasibu anajua. Mara ya kwanza tulipofanya zoezi hili tulichukua saa saba, na tukagundua kwamba neno la siri la kufungulia bakapu lilikuwa limehifadhiwa ndani ya seva ile ile ambayo tungekuwa tumeipoteza. Siku hizi tunamaliza kwa dakika hamsini.

Kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali, mmeisoma. Hapa kwetu "mbali" inahitaji kufikiriwa. Ofisi iliyo bondeni karibu na Mto Msimbazi, na nakala yake ikiwa chumba cha jirani, masika moja yatachukua vyote viwili. Wengine wanapeleka kila kitu kwenye seva za ng'ambo, na ni jambo zuri. Lakini mnakumbuka Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ilivyokuwa hapa mjini. Mwenye nakala ng'ambo peke yake, siku zile alikuwa na nakala asiyoweza kuifikia. Weka moja ng'ambo, na moja hapa nchini, upande mwingine wa mji au mkoa mwingine. Na isimbwe, yaani isisomeke bila neno la siri, kabla haijatoka mlangoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023, na diski ya nje iliyosahauliwa kwenye bajaji ikiwa na majina ya wagonjwa ndani yake ni jambo la kisheria sasa, mbali na aibu yake.

Niende kwa mlinzi. Nawaomba mnisikilize hapa hata kama mengine mtayasahau. Katika jengo letu la zamani umeme ulikatika usiku wa Jumamosi, na UPS, betri inayoishikilia seva umeme ukikatika, ikaanza kulia. Mlinzi wetu, mzee wa makamo, aliisikia. Alisimama nje ya mlango wa chumba cha seva dakika zote zile hadi ilipozima. Asubuhi aliniambia, "Nilisikia inalia, ila sikujua inalilia nini." Hatukuwahi kumwambia. Tulikuwa tumefunga vifaa vya mamilioni, na mtu pekee aliyekuwa macho usiku ule hakuwa na namba ya simu ya kupiga. Siku hiyo hiyo tulibandika karatasi mlangoni kwa Kiswahili cha kawaida: ukisikia mlio huu, piga namba hii, kisha ile, halafu washa jenereta hivi. Amepiga mara nyingi tangu wakati ule. Mara moja alituamsha kwa sababu, alivyosema, "feni inaunguruma tofauti na jana." Feni ilikuwa inakufa kweli.

Kwa upande wa mashine, fungeni NUT, programu inayosikiliza UPS na kuizima seva kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Na pimeni betri zenyewe. Joto la Dar es Salaam linazila mapema. Iliyoandikwa miaka mitano huenda isifike.

Nilimkumbuka mlinzi yule Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, aliona kwamba kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, kwenye mashine yake kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta kwamba ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo kwenye Linux karibu zote, mtu alikuwa ameficha mlango wa siri. Akatangaza tarehe 29 Machi, kabla mlango ule haujasambaa kwenye seva za watu. Aliujua mwendo wa kawaida wa mashine yake, ndiyo maana usio wa kawaida ukamgusa. Na wewe huwezi kuujua mwendo wa kawaida wa seva unayoingia siku ya msiba tu.

Masasisho na akaunti nitayapitia haraka. Masasisho ya usalama, kila wiki, siku moja inayojulikana, kwanza kwenye mashine ya majaribio. Kiini cha mfumo, yaani kernel, kikisasishwa, panga siku ya kuizima na kuiwasha seva. Mashine iliyokaa siku 900 bila kuzimwa hainifurahishi, inanitia hofu, kwa sababu hakuna anayejua kama itaamka. Akaunti: mtu akiondoka kazini, kufunga nywila yake hakufungi ufunguo wake wa SSH. Atazidi kuingia. Futeni ufunguo wake kwenye faili la authorized_keys, au wekeni akaunti yenyewe iishe muda wake, siku hiyo hiyo anayoaga.

Nirudi kwenye kaunta buku kwa jambo moja la mwisho. Iandikeni kwa Kiswahili. Mwaka fulani nilikuwa msibani Songea, simu haishiki vizuri, seva ya malipo ikagoma usiku. Binti aliyekuwa zamu alikuwa na miezi minne kazini. Alifungua kaunta buku namba sita, akakuta niliandika mwenyewe miaka miwili kabla: "Ikigoma hivi, usizime seva. Angalia kwanza diski. Kisha huduma hii, kisha ile. Usifute kitu." Alifuata mstari kwa mstari. Ilipofika alfajiri mfumo ulikuwa unafanya kazi, na nyuma yake aliandika alichofanya na saa alizofanya, mbili mbili: ya kwetu na ya seva. Leo yeye ndiye mkuu wa zamu, na maelezo ya kaunta buku namba kumi na moja ni mwandiko wake mtupu.

Chai iko nje, na vitumbua vya moto. Tukirudi, kwenye meza zile za nyuma kuna mashine nane. Kila moja ina hifadhidata ya duka la mfano, na bakapu yake ya jana. Mtaifuta, kisha mtairudisha, wawili wawili, mmoja akiandika kila hatua. Kaunta buku mpya ziko kwenye boksi pale mlangoni, chukueni moja moja, na ukurasa wa kwanza uanze na tarehe na saa. Sasa hivi ni saa nne na dakika kumi asubuhi. Kwenye seva mtakuta 07:10.